Mwandishi asiyejulikana, jioni ya kutia sahihi dukani Kisumu: nimwambieje mwenye duka turudie?

Kaunta ya Nyuma (Kisumu)

Habari zenu wadau. Naomba ushauri, hasa kwa mnaouza vitabu au mlioandika.

Nauza kwenye duka la vitabu la mtu binafsi hapa mjini, hatua chache kutoka Oginga Odinga Street. Ugali wetu unatoka kwenye madaftari, kalamu, vitabu vya marudio ya mitihani na Biblia. Riwaya ziko rafu moja ya nyuma, karibu na mashine ya fotokopi, na bosi huziita "zile za vumbi". Miezi kadhaa iliyopita akaingia mzee mmoja mstaafu, aliyefanya kazi idara ya uvuvi, na begi la nakala za riwaya yake ya Kiswahili aliyojichapishia. Akaomba tumuuzie kwa mali kauli, yaani tumlipe vikishauzwa. Hamumjui, na mimi pia sikuwa namjua. Nikasoma kurasa za mwanzo nikiwa kaunta, wateja wakanisubiri kidogo, na tangu hapo nikawa namsumbua bosi tumpe jioni moja ya kuzungumza na wasomaji na kutia sahihi. Wiki iliyopita akakubali, shingo upande.

Mwaliko ulisema saa kumi na moja. Mzee alifika saa tisa, koti la suti, viatu vinameta, na kalamu mpya bado ziko ndani ya pakiti. Watoto wake walikuwa wameandaa programu: mfawidhi, sala, salamu za familia, salamu za kanisa, mgeni rasmi. Mgeni rasmi ni mkubwa fulani wa ofisi, simtaji. Akachelewa, na bila yeye hakuna kilichoweza kuanza. Alipofika zikaanza itifaki. Mnazijua: mtu anasema "itifaki izingatiwe", halafu anaanza kutaja vyeo vya kila aliyekaa mbele, mmoja baada ya mwingine. Alituhutubia kuhusu umuhimu wa kusoma, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelipinga. Kitabu chenyewe alikuwa akikiinua juu kila baada ya sentensi tatu, na muda wote jalada liko kichwa chini. Binti wa mzee alijaribu kumfanyia ishara, akaacha.

Karibu saa kumi na mbili wingu likapanda kutoka upande wa ziwa kama kawaida yetu. Walioalikwa wakaanza kutazama simu, kisha kutoka mmoja mmoja kuwahi matatu za Kondele na Mamboleo. Mvua ikashuka kabla hawajaisha. Wakaingia watu wengine kabisa, wasio na habari ya uzinduzi: mama muuza njugu na beseni lake, vijana wa boda na helmeti zao, mwanafunzi wa chuo aliyekuwa na karatasi za kutoa fotokopi, na baba mmoja aliyebeba mfuko wa unga. Stima nayo ikapotea. Ni hapo tu mfawidhi alipokumbuka: "Sasa, kwa ufupi kabisa, mwandishi atusomee kidogo."

Kwa ufupi kabisa! Siku hiyo ni ya nani?

Mzee akasimama, mimi nikamshikia tochi ya simu. Akasoma kile kipande cha mke wa mvuvi anayepokea samaki wa mumewe alfajiri. Mama huyo hasemi neno. Anamtoa ngege mmoja mmoja ndani ya kikapu, anambonyeza jicho kwa kidole gumba, anafunua shavu aone wekundu, anamweka kando. Mume amesimama mlangoni anasimulia jinsi ziwa lilivyochafuka usiku. Mke anaendelea kubonyeza. Anataka kujua kama hawa samaki kweli wametoka majini usiku huo, au wamenunuliwa kwa mtu mwingine na mume alilala kwingine. Mama njugu alicheka mpaka akashika ukuta. Kijana mmoja wa boda akauliza kwa sauti, "Sasa aligundua?" Mzee akafunga kitabu, akamwambia, "Iko mbele." Kijana akauliza bei.

Hao wa mvua ndio walionunua kwa hamu. Walioalikwa, wengine walinunua kwa heshima, wengine walibeba "nakala ya familia" bila kupita kwenye kaunta.

Bosi amepiga hesabu: viti vya kukodi, hema dogo la nje ambalo halikutumika, soda, maji ya chupa. Anasema hatutarudia, mimi nataka turudie. Nimwambieje?

Swali la pili. Kuna nakala mzee aliandika "Kwa Akinyi, soma polepole", na Akinyi mwenyewe akasema anaenda kutoa pesa, hakurudi. Bosi anasema hiyo imeharibika na anataka mzee akatwe pesa yake. Ni haki?

Nduthi wa Nyalenda

Dada na mimi nauliza. Aligundua?

Mzee wa Madaftari (Nakuru)

Binti yangu, nina duka huku Nakuru tangu enzi ambazo walimu wakuu walikuwa wanakuja wenyewe na orodha ya vitabu na hundi. Kwa hiyo nianze kwa kumtetea bosi wako, halafu nitakutetea wewe.

Mwaka 2013 sheria mpya ya kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ilileta ushuru wa asilimia 16 kwenye vitabu. Hilo tulilimeza. Kisha kuanzia 2018 serikali ikaanza kununua vitabu vya kiada na kuvipeleka moja kwa moja shuleni, kutoka kwa mchapishaji hadi langoni pa shule, na duka la katikati likarukwa. Sisi tulioishi kwa vitabu vya kiada tulibaki na madaftari, vitabu vya marudio na msimu wa wanunuzi wa Januari. Maduka mengine ninayoyajua yaligeuka kuuza vifaa vya simu. Mtu aliyepitia hayo akikuona unagawa soda, anaona soda.

Sasa hesabu. Tuseme kitabu cha mzee ni shilingi 600 na mnachukua asilimia 30. Kila nakala inaliachia duka 180. Kreti za soda, viti na hema vinahitaji nakala ngapi ili virudi? Nyingi kuliko mwandishi asiyejulikana anavyoweza kuuza jioni moja popote, hata Nairobi. Kwa hiyo usimwendee bosi na hoja ya kukuza utamaduni wa kusoma. Mwendee na bajeti isiyo na viti. Watu wasimame. Duka la vitabu ni mahali pa kusimama; mtu aliyekaa kwenye kiti cha kukodi hagusi rafu, hanunui hata kifutio.

Tena mwulize: wale wa mvua walinunua kitabu tu? Mwanafunzi hakutoa fotokopi? Fungua daftari la mauzo la siku ile, piga jumla ya kuanzia saa kumi na moja hadi mkifunga, linganisha na siku nyingine ya wiki saa hizo hizo. Mimi nilipofanya hivyo hapa kwangu, kalamu na kadi za salamu ndizo zilizolipa umeme.

Kuhusu Akinyi: mzee asikatwe hata senti. Utaratibu wa kutia sahihi ni wa duka. Mteja alipe kwanza, risiti ndiyo imfikishe kwenye meza. Na kabla ya kufika mezani, wewe muuzaji simama kwenye foleni na vikaratasi, kila mtu aandike jina lake mwenyewe, mwandishi anakili. Kuna Catherine wa C na Katherine wa K, kuna Geoffrey na Jeffrey, na kuna anayetaka kitabu kiandikwe jina la mama mkwe ambaye yeye mwenyewe hana hakika linavyoandikwa. Ukurasa wa kusainiwa ni ule wa kichwa cha kitabu, ndani. Jalada lile la kung'aa wino haushiki, na mteja akifika nyumbani sahihi iko kwenye kiganja.

Na hiyo nakala iweke dirishani, imefunguliwa penye maandishi. Akinyi hapo Kisumu ni wangapi?

Mtaa wa Milimani (Kisumu)

Simama Kibuye uite Akinyi, soko zima linageuka. Itauzwa kabla ya Jumapili.

Bosi akikuambia vitabu ni mambo ya Nairobi, mkumbushe kwamba marehemu Asenath Bole Odaga alianzisha kampuni yake ya uchapishaji hapa hapa Kisumu mwaka 1982, akawa anaandika kwa Dholuo na Kiingereza. Mji huu haukuanza kusoma jana.

Mama Hadithi (Kakamega)

Mdogo wangu, mimi niko upande wa pili wa meza. Nimejichapishia hadithi fupi, nimekaa kwenye meza za namna hiyo Kakamega, Mumias na hapo kwenu, na nitakwambia mambo ambayo muuzaji haoni.

La kwanza ni meza yenyewe. Ukimketisha mwandishi asiyejulikana nyuma ya meza yenye kitambaa, wateja wanamkwepa. Wanadhani anachangisha au anauza bima. Wengine hunichukua kuwa mfanyakazi wa duka. Mama mmoja aliniuliza seti ya jiometri ni ngapi. Nikainuka nikamtafutia, aliyenialika akanikuta nikiwa nashindania bei kwa niaba yake. Mzee wako asikae. Asimame pale pale kwenye fotokopi, ambapo watu wanasubiri na hawana la kufanya, asome. Sahihi baadaye, hata juu ya mashine.

La pili ni siku. Hukusema ilikuwa siku gani, lakini kwa vile kulikuwa na salamu za kanisa nahisi ilikuwa Ijumaa au Jumamosi. Huku kwetu magharibi na huko kwenu Nyanza Jumamosi ni ya mazishi, tusidanganyane. Ijumaa watu wako mochari wanatoa mwili, au wako njiani kwenda nyumbani. Jumamosi hiyo hiyo ndugu zetu Waadventista wako kanisani, na hao ni wasomaji wazuri, hutaki kuwakosa. Jumatano au Alhamisi, baada ya mishahara. Na msingoje giza. Jua letu linazama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja kasoro, na mwanamke anayepanda matatu mbili kufika kwake hawezi kukusikiliza akiona dirisha linaingia weusi. Anza saa kumi na nusu, wakati wa ofisini wanapoanza kuchungulia nje, umalize wakiwa bado wanaona njia.

La tatu tutatofautiana. Naona unataka kumfukuza mgeni rasmi. Mimi namtaka abaki. Mzee wa umri huo hakulipwa na mtu kuandika. Ametoa akiba yake ya kustaafu kulipa matbaa, watoto wamemwangalia wakinung'unika, labda mama wa nyumbani aliuliza hizo pesa zingenunua ng'ombe wangapi. Siku mkubwa anaposimama mbele ya ukoo na kusema "mzee huyu ameandika kitabu", kuna ubishi nyumbani kwake unaokwisha. Hayo nayo ni malipo yake, na wewe huna namna nyingine ya kumlipa. Kwa hiyo mwite mgeni rasmi, lakini mpange baada ya usomaji, na mpe ukurasa wa kusoma. Umtie alama kwa penseli, mwanzo hapa, mwisho hapa. Mkubwa akishika ukurasa mkononi, hotuba hufupika yenyewe, na kitabu hakiwezi kukaa kichwa chini.

Hizo "nakala za familia" ndizo zinazotuua sisi tunaojichapishia. Siku hiyo nakala zote ziwe za duka, zimehesabiwa na kuandikiwa stakabadhi, ili shemeji akinyoosha mkono mzee aweze kusema kwa dhati kwamba si zake.

Kaunta ya Nyuma (Kisumu)

Shikamoo Mzee wa Madaftari, shikamoo Mama Hadithi. Nimesoma yote nikiwa kazini.

Mama, ilikuwa Ijumaa. Umenipata hapo. Nusu ya walioalikwa walituma ujumbe kwamba wako safarini kumsindikiza marehemu wa mtu.

Nimepiga hesabu ya daftari kama mzee wa Nakuru alivyosema. Baada ya mvua kuanza tuliuza miavuli yote ya dirishani. Bosi alikuwa ameiandika kwenye karatasi nyingine, kwa hiyo haikuingia kwenye hesabu yake ya hasara. Nimeiweka mbele yake asubuhi ya leo bila kusema neno. Akasema miavuli ingeuzwa hata bila riwaya. Huenda. Lakini mlango ungekuwa umefungwa: sisi hufunga saa kumi na mbili.

Kuhusu mgeni rasmi bado sijashawishika sana, ila nimekuelewa kuhusu nyumbani kwa mzee. Wakati wa kutia sahihi mkewe alikuwa amekaa kando na mkoba magotini, hakuongea na mtu. Foleni ilipofikia wale vijana wa boda akasogeza kiti karibu. Mzee anaandika polepole mno, anamuuliza kila mtu kwao ni wapi, ukoo gani, anamjua fulani wa ufuo gani. Mmoja wa boda akaandikiwa "Helmeti kwanza, kitabu baadaye." Mama akamnyang'anya mzee kitabu hicho akasoma, akakirudisha, akasema, "Mwandikie na jina lake, umesahau." Hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia sauti.

Nduthi, bei unaijua sasa.

Nduthi wa Nyalenda

Mia sita ni mafuta ya siku dada. Nitachanga na jamaa wa steji, tusomeane.

Mwalimu wa Zamu (Bungoma)

Samahani kuingilia kwa kuchelewa, nilikuwa nasahihisha insha.

Je, kitabu cha mzee kina ISBN, ile nambari ya kimataifa ya kutambulisha kitabu? Kenya nambari hizo hutolewa na Maktaba ya Kitaifa, na za kwetu huanza na 978-9966 au 978-9914. Angalieni nyuma ya jalada. Kama hana, aombe kabla ya kuchapa tena, maana maktaba na maduka makubwa humrudisha mtu mlangoni kwa hilo tu. Vilevile sheria inamtaka mchapishaji apeleke nakala kwa serikali, na anayejichapishia ndiye mchapishaji. Wengi hawajui, hadithi zao zinapotea wakiwa hai.

Pili, bosi mpe tarehe ambayo haihitaji kubuniwa. 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani, UNESCO iliitangaza mwaka 2021. Shule ziko muhula wa pili, vyama vya Kiswahili vinahangaika kutafuta mgeni wa kuzungumza na wanafunzi, na karibu kila mwaka tunaishia kuigiza mchezo ule ule. Mwandishi aliye hai, anayetoka ziwani, anayeongea Kiswahili kisicho cha kukariri kwa mtihani, tutamgombania. Wanafunzi wengine huamini waandishi wa Kiswahili wote wako Pwani au wamekufa.

Tahadhari moja tu: si kitabu teule, yaani kilichoteuliwa kwa mtihani, kwa hiyo msitarajie shule inunue nakala za darasa zima, na msimlazimishe mwanafunzi kununua. Maktaba yetu inaweza kuchukua chache. Atakayependa atamsumbua mzazi wake mwenyewe, hao nawafahamu.

Na kile kipande cha kubonyeza jicho la samaki asikisome kwa wanafunzi wadogo bila kunionyesha kwanza. Maswali yatakayofuata yatanifikia mimi.

Mama Hadithi (Kakamega)

Mwalimu, hao wadogo wanajua zaidi yako.

Kaunta ya Nyuma (Kisumu)

Bosi amekubali, kwa masharti. Itakuwa Alhamisi baada ya mishahara, kuanzia saa kumi na nusu. Hakuna viti, hakuna hema, hakuna soda. Chai ya maziwa ya thermosi itatoka kwa mke wa mzee, amejitolea mwenyewe. Mlango utabaki wazi mpaka saa moja, na miavuli itahamishiwa karibu na kaunta, hilo ni wazo la bosi na anajivunia. Mgeni rasmi amealikwa tena kwa sababu ya mzee, lakini atakuja na ukurasa wake uliotiwa penseli.

Nimempigia mzee kumwambia. Akauliza jambo moja tu: asome wapi, maana wale wa mara ya kwanza wakirudi watakuwa wameshasikia la samaki. Nimemwambia achague sura nyingine na asiniambie.

ISBN anayo, mwalimu, nimeangalia, inaanza na 9914. Kuhusu Julai nimekutumia ujumbe pembeni. Tafadhali nijulishe mapema maktaba itahitaji nakala ngapi, kwa sababu zilizobaki kwake Dunga si nyingi, na hataki kurudi matbaani kabla ya kujua zitaenda wapi.

Nakala ya Akinyi iliuzwa Jumamosi. Aliyeinunua anaitwa Atieno. Anasema dada yake atajijua.

Kama kuna aliye Kisumu na spika ndogo ya kuchaji ambayo anaweza kutuazima Alhamisi, naomba. Stima siiamini.